Kuku wa Jirani Wanakula Vizuri Kuliko Mama

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Kabla sijashika kalamu nimejiapiza kwamba nitakueleza yote, hata yale ya chooni, kwa hiyo naomba radhi mapema, na naomba msaada wako, maana nimechoka na mama yangu amechoka kuliko mimi.

Mama ni fundi cherehani. Anashona tangu asubuhi mpaka taa za mtaani zinapowaka, na kwa muda mrefu sasa anakaa kwenye kigoda chake upandeupande kama aliyekalia msumari, kwa sababu hapati choo, na akikipata anatoka macho yamemwiva na jasho limemtiririka, halafu anameza vidonge vya kulainisha tumbo alivyojinunulia dukani, navyo sasa anavimeza kila siku kama peremende. Nikimuuliza anasema, "Ukubwa jalala, mwanangu," kisha anaendelea kukanyaga cherehani.

Shuleni mwalimu wetu alitufundisha kuhusu nyuzinyuzi, ile sehemu ya nafaka, maharage, mboga na matunda ambayo tumbo haliwezi kuisaga ikaisha, lakini ndiyo inayokifanya choo kiwe laini na kisogee, nami nilipokuwa naandika nilihisi kama mwalimu anaisimulia meza yetu, kwa sababu kwetu, mshauri, nyuzinyuzi hazifiki mezani. Mama anamenya kila kitu. Anamenya hata nyanya. Machungwa anayakamua, nyama zake anatupa, na unga wa uji anauchekecha mara mbili kwa chekeche la matundu madogo kabisa, na pumba zinazobaki tunampelekea jirani kwa ajili ya kuku wake, naye hutuletea mayai. Siku moja jirani alisema, "Fundi, pumba zako kiboko! Kuku wangu hawajui kufunga choo, wananichafulia hadi ngazi!" Tulicheka sote, na mama alicheka, lakini alikuwa ameshika kiuno.

Nikamwambia tuache kuchekecha. Akanitazama, akasema, "Mimi nimekulia unga wenye pumba. Shuleni wakanipachika jina, wakawa wananiita Kuku. Niliapa mwanangu hatazila."

Nilimbembeleza mpaka akanikabidhi jiko kwa wiki moja, nami kwa furaha niliyokuwa nayo siku ya kwanza tu nikapika uji wa unga usiochekechwa, nikaunyunyizia pumba nyingine juu, mchana nikampelekea maharage na kabichi mbichi kibandani kwake, jioni dengu, na mapera pamoja na mbegu zake, na kesho yake vivyo hivyo. Kabla wiki haijafika katikati tumbo lilimvimba kama ngoma, choo kikagoma kabisa, na wakati huo alikuwa anampima bibi harusi gauni, akalazimika kushika meza na kuinama, pini zikiwa mdomoni, na yule bibi harusi akamwambia, "Hongera, Fundi! Unatarajia lini?"

Mama hakucheka. Alipofika nyumbani aliniambia polepole, "Sayansi yako ibaki shuleni, mwanangu." Amerudia mkate mweupe na vidonge vyake, na mimi jikoni naachiwa sufuria za kuosha.

Nitaje na hili, ingawa sijui kama linahusika. Mchana kutwa mama hanywi maji. Vibandani pale choo ni kimoja, ufunguo anautunza kinyozi, na kwenye benchi la kinyozi hawakosi wanaume wanaosubiri kunyolewa, na mama akienda kuuomba kuna mmoja lazima aseme, "Fundi, safari tena?" na benchi zima likacheka, basi yeye hujibana mpaka arudi nyumbani.

Juzi aliniambia ameona damu kidogo, kisha akasema, "Yatapita."

Mshauri, aliyekosea ni mwalimu au ni mimi, na nifanye nini ili mama apone na anirudishie jiko? Tafadhali nijibu katika toleo linalofuata, je, utaniwahi?

Binti wa Fundi

JIBU

Marahaba, Binti wa Fundi. Pole, na mama mpe pole yangu.

Mwalimu wako yuko sahihi. Uliyekosea ni wewe, tena kwa mapenzi. Tumbo lililozoea mkate mweupe miaka yote umelishushia shehena nzima kwa mara moja, tena kavu! Weka pumba kwenye bakuli, zinyunyizie maji kijiko kimoja, utazame. Donge, siyo? Ndilo alilokuwa nalo mama yako mbele ya bibi harusi.

Tuanze na damu. "Yatapita" si tiba. Ukimaliza kusoma hapa mwambie mama mwende kituo cha afya, na pakiti ya vile vidonge muichukue. Huenda ni mchubuko mdogo tu, lakini si kazi yako wala yangu kubahatisha, na mhudumu ndiye atakayesema vidonge vipunguzwe vipi.

Halafu ule ufunguo. Umeutaja mwishoni kama jambo dogo, kumbe ndio ugonjwa wenyewe! Mchukue jirani yenu wa kuku, naona mdomo anao, mwende kwa kinyozi mkaombe mama achongewe ufunguo wake. Ukishaning'inia kwenye cherehani yake, hatakuwa na sababu ya kuogopa chupa ya maji, na lile benchi litafute mwingine wa kumcheka.

Jikoni nenda mdogo mdogo. Mwache achekeche unga, ila mara moja. Tumbo likizoea, chungwa liliwe badala ya kukamuliwa. Baadaye maharage kidogo, yaliyolowekwa na kuiva yakalainika. Gesi ikizidi, punguza, usikate tamaa. Na kabichi mbichi kwa mtu anayekaa kutwa nzima? Hata mimi ningekufukuza jikoni.

Neno la mwisho, binti yangu. Mama yako hana ugomvi na sayansi. Kila akishika chekeche anamkinga msichana mmoja aliyeitwa Kuku, na msichana huyo hatashawishika kwa daftari lako. Kwa hiyo usimtajie pumba. Pika uji, uuite uji, ukae naye mnywe wote wawili kutoka sufuria moja, aone kwamba unakunywa na hakuna anayekucheka.

Jirani atanuna kwa kuwa pumba zimepungua. Anune. Wewe kesho asubuhi, kabla mama hajakanyaga cherehani, mpelekee bilauri ya maji kwa mkono wako, na usiondoke mpaka aimalize.