Siku Mtani Aliposema Kweli

Ilala, Dar es Salaam

Kwa Mama yangu mpenzi, kijijini Lusu, Nzega,

Shikamoo Mama. Goti lako linaendeleaje? Na mvua imefika, au bado inawachezea? Sisi miili ni mizima, Mungu ashukuriwe. Barua hii anakuletea mkweo Nyamizi mwenyewe, na ukishasomewa utajua kwa nini amekuja na mizigo yote.

Mama, hatuna nyumba tena. Mtaa wetu umebomolewa. Nilikuwa nikikuandikia kwamba huku kila mlango ni Mnyamwezi, Mmanyema au Muha, makuli wa bandarini sote, na ukikaa barazani utadhani uko Nzega. Basi mwaka huu wakaja maafisa na kamba za kupimia. Walisema nyumba za udongo na makuti zinaitia aibu nchi iliyojitawala, zijengwe za matofali na bati, na bomba la maji ndani. Zinajengwa kweli, tena nzuri. Ila ni za makarani. Kodi yake sisi hatuiwezi.

Kosa ni langu, sikufichi. Mwenye nyumba wetu, Mzee Kondo, ni Mzaramo, na wajua Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kuja pwani. Miaka tisa, kila asubuhi, alikuwa akitugongea: "Wanyamwezi, tokeni! Nyumba nimeshaiuza, na nyie mumo humo!" Nami humjibu, "Tulia mzee, tutakuzika kwanza." Maafisa walipokwisha kupima wakaondoka, nasi tukidhani yameishia hapo, siku moja akaja akasema, "Mihambo, nyumba inavunjwa. Nendeni mkaandikishe majina kabla ya Ijumaa, mpewe viwanja nje ya mji." Mimi nikacheka. Nikamwambia akajiandikishie kaburi. Nyamizi akaninong'oneza, "Baba Tatu, mzee leo hacheki." Nikamjibu kwamba mtani hana siku ya kusema kweli. Wapangaji wenzangu wakanifuata mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wao.

Jumatatu wavunjaji wakafika. Hatukuwa tumetoa hata mkeka. Mzee Kondo alisimama barabarani machozi yanamtoka, anasema, "Nilikwambia, mtani wangu. Haki ya Mungu nilikwambia." Nikakimbilia ofisini, karani akasema daftari limefungwa tangu Ijumaa. Wenzangu wametawanyika, na wengine nikikutana nao bandarini hawaniitikii salamu. Siwalaumu. Najichukia, Mama.

Sasa nalala bandani na makuli wengine, pahali pasipomfaa mwanamke wala mtoto. Ndiyo sababu nakuletea Nyamizi na Tatu. Wape kile chumba cha marehemu baba. Nyamizi jembe analiweza, hatakuwa mzigo kwako. Nitawafuata lini sijui, na sitaki kukudanganya.

Nisalimie dada yangu mkubwa, na mjomba mhunzi, mwambie sijasahau ufundi alionifunza. Nawe jirani unayemsomea mama, asante, msomee polepole.

Kimebaki kimoja. Jana nilimpakata Tatu nikamweleza kwamba mimi sipandi treni. Akacheka mpaka akakohoa. "Baba, unanitania." Nimerudia mara tatu, anazidi kucheka, na nguo zangu amezifunga pamoja na zake. Mama, mweleze wewe. Mimi haniamini.

Ni mimi mwanao,
Mihambo