Harufu ya Sukari Katika Lori la Sadala

Ndugu mshauri, pokea salamu zangu za huku Handeni, na baada ya salamu naomba unisaidie, kwa sababu moyo wangu umegawanyika na hapa kijijini hakuna ninayeweza kumweleza bila maneno kufika kwa mwenyekiti kabla yangu. Mimi ni mama mtu mzima, muuzaji katika duka la kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kwamsisi, na ninayekuandikia habari zake ni Sadala, dereva wa lori la kijiji, lile tulilopewa na wafadhili kutoka nchi za baridi. Huyu ni mtu ambaye nikianza kumshukuru leo sitamaliza, na sasa natakiwa nisimame mbele ya kamati nimtaje kuwa mwizi wa sukari.

Msimu wa baridi uliopita nilipanda naye kwenda Dindira, yeye akipeleka mahindi ya kijiji na mimi nikienda kumwona binti yangu Zamda aliyeolewa huko kwenye mashamba ya chai, nikamkuta amejifungua kabla ya siku zake, damu inamtoka, na kichanga chenyewe kidogo, cha baridi, hata kulia hakilii, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nikachanganyikiwa nikabaki nimesimama tu. Sadala alishusha magunia yaliyobaki palepale barabarani, akatupandisha mbele, akasema, "Mama, mfunike mtoto. Gari hili lina hita, sijaiwasha tangu lije, kwetu Handeni joto la kuongeza la nini, lakini leo itawaka." Koki yake ilikuwa imekwama, akaigongagonga kwa spana mpaka ikafunguka, hewa ya moto ikaanza kutujia miguuni, na kabla hatujafika hospitali ya Korogwe yule mtoto alilia, akalia kweli, ndugu mshauri, nami nikalia naye. Mama na mtoto wako hai, wako kwangu hadi leo, na mtoto tumempa jina la Sadala.

Sasa mambo yamegeuka. Sukari imekuwa adimu kama ujuavyo, gunia letu la mgao hutoka Korogwe ndani ya lori hilo, na gunia la mwisho lilinifikia limepungua, nikalipima tena nikidhani mizani imeharibika. Wakati huohuo kebini ya Sadala inanukia utamu, utamu wa sukari iliyoungua, kila aliyepanda anasema, na Nasieku, mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, alishuka humo akasema mbele ya watu dukani kwangu, "Mama Mwaija, dereva wenu anapika asali humo ndani? Kichwa kinaniuma kwa utamu." Watu walicheka siku hiyo, lakini sasa hawacheki tena.

Mimi mwenyewe nimesafiri naye nikaona mambo. Kila tukifika Korogwe ya Zamani anasimamisha gari, anachukua ndoo anakwenda mtoni, akirudi anakaa muda mrefu bila kuondoka, na kioo cha mbele kwa ndani kina ukungu wa kunata ambao anaufuta kwa kitambaa, kisha kitambaa anakisukumia chini ya kiti, na juzi alipokwenda kuswali niliinua raba ya sakafuni upande ninaokaa nikakuta pamelowa, panateleza, nikachovya kidole nikalamba, ikawa tamu. Tamu, ndugu mshauri! Nilitamani nisingeonja.

Kamati inakaa mwisho wa mwezi na wanataka ushahidi wangu, kwani duka ni langu kulilinda. Nikisema, Sadala ataitwa mlanguzi, atanyang'anywa lori na kupelekwa polisi, nami nitakuwa nimemlipa ubaya mtu aliyeniokolea mjukuu, na nikinyamaza nitakuwa nimeila pamoja naye sukari ya watoto wa wenzangu. Na yeye bado kila asubuhi anapita dukani, "Shikamoo mama, wajina wangu hajambo?" nami nashindwa kumtazama usoni. Nifanyeje?

Mwaija,
Handeni

JIBU

Mama Mwaija, shikamoo. Sasa niruhusu nikugombeze. Mtu mzima, mwenye wajukuu, unakuta kitu kimemwagika kwenye gari nawe unakilamba! Hiyo si sukari. Ni sumu. Kama ulionja ncha ya kidole tu na ukabaki na nguvu za kuandika barua ndefu namna hii, mshukuru Mungu, lakini nenda zahanati ukawaeleze, wala usione haya.

Mimi si fundi. Barua yako niliipeleka kwa fundi wa magari jirani na ofisi yetu, nikamsomea. Nilipofika kwenye harufu akaniuliza, "Sakafu imelowa upande wa abiria?" Nilikuwa hata sijafika hapo. Akaniambia kuwa katika nchi za baridi maji ya rejeta huganda yakapasua injini, kwa hiyo wenyewe huyachanganya na dawa ya kuzuia yasigande, na dawa hiyo hunukia utamu na mdomoni ni tamu vilevile, lakini inaua mtu na mbuzi. Lori lenu lilikuja nayo. Na hita ni kama rejeta ndogo iliyofichwa mbele ya miguu ya abiria, inapitisha maji hayohayo. Yenu imetoboka.

Basi yatazame upya uliyomhesabia Sadala. Ukungu wa kunata kwenye kioo ni mvuke wa maji hayo. Sakafu imelowa kwa sababu hita inavuja. Ndoo ni ya kujazia rejeta inayopungukiwa kila safari, na anakaa kwa sababu rejeta ya moto haifunguliwi mpaka ipoe. Kitambaa ulitaka akiweke wapi, mfukoni?

Kinachoniudhi ni kwamba katika barua yote hii sioni mahali ulipomuuliza mwenyewe. Umeinua raba, umechovya kidole, umechungulia chini ya kiti, lakini kumwambia "Mwanangu, gari lako linanukia nini?" kumekushinda. Nakuelewa, uliogopa jibu, kwa kuwa unampenda. Hilo ni jema, nami naheshimu sana kwamba hukutaka kuficha jambo la kijiji kwa sababu ya shukrani zako. Wengi wangelificha.

Kuhusu gunia lililopungua, sijui, na wewe hujui. Safari ijayo lipimwe Korogwe mbele ya watu kabla ya kupakiwa, lipimwe tena mlangoni pako, ndipo mtajua linapungukia wapi. Mtu asifungwe kwa harufu.

Leo hii mwambie Sadala aendeshe madirisha wazi, na asimpakie mtoto yeyote mbele mpaka gari litengenezwe. Fundi aunganishe mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka kwenye hita ili maji yasipite tena humo, maana huko kwenu hamuihitaji, kisha amwage maji yote ya rejeta kwenye shimo na kulifukia, mbali na kisima na mifugo, aisafishe na kuijaza maji ya kawaida. Sakafu ioshwe kwa sabuni. Harufu itakwisha na kamati yote ije inuse.

Lakini kabla ya kamati, mwite Sadala dukani, mkae wawili, umweleze ulivyomdhania, pamoja na habari ya kidole. Atakasirika, kisha nadhani atacheka.

Halafu fungua tena barua uliyoniandikia, maana jambo kubwa umeliandika kwa mkono wako bila kuliona. Hita ile haikuwahi kuwashwa tangu lori lije. Koki ilikuwa imefungwa, na maji ya dawa hayakuwahi kupita humo, mpaka mtu mmoja alipoigonga kwa spana ili kichanga chako kipate joto. Fundi anasema koki iliyogongwa vile haifungi vizuri tena, ndiyo maana maji yanazidi kupita kwenye hita iliyotoboka na kuvuja hadi leo. Joto lililomliza mjukuu wako ndilo wanalotaka kumpelekea Sadala polisi.

Kwa hiyo kamati ikikaa, nenda, tena uwahi. Waambie unao ushahidi kweli. Mwenyekiti akikuuliza harufu hiyo ilianza lini, simama umempakata Sadala mdogo, umjibu kwamba ilianza siku huyu alipolia.