Taa za Pickup ya Maluki

Kitheka,

Nimekupata umelala, sikukuamsha. Muthokoi iko kwa sufuria kubwa. Pasha moto, usikule baridi. Kuku wameshakula.

Nimepeleka mayai Githurai na pickup ya kaka yangu Maluki. Ulipishana nayo leo asubuhi ukitoka kazi ya usiku Thika, hapo shuleni Kalimoni. Ulikuwa unakuja mbio kama mtu anafukuzwa. Na juzi tu, baada ya kupigwa faini Ruiru, uliapa kwa hii meza kwamba mwendo wa hamsini hutapita tena!

Nikakuwashia taa mara mbili, vile madereva huonyana kuna polisi mbele. Weh, ulivyokanyaga breki! Ukapita polepole kama uko kwa msafara wa harusi, ukanipungia mkono kunishukuru. Hata hukuona ni mke wako.

Sasa nikuambie. Hapakuwa na polisi. Nilikuwa nimemshusha Kavindu, na alikuwa anaanza kuvuka barabara na wenzake. Yeye aliijua gari yetu. Nikamsikia akiwaambia kwamba baba yake amepunguza mwendo ndio wavuke. Alikuwa na furaha, sikumwambia kitu.

Ufunguo wa gari ~~uko juu ya friji~~ nimeenda nao. Na usimpigie Maluki simu, hatakusaidia. Saa tisa umchukue Kavindu kwa miguu, mvuke hapo hapo.

Atakuambia asante. Cha kumjibu utajua mwenyewe.

Mama Kavindu