Niliyomwambia Shangazi wa Eliya

Moshono, Arusha
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Anneth,

Hujambo huko Masasi? Joto umeshalizoea, au bado unalala madirisha wazi? Na wanafunzi wako, hawajakuotesha mvi? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini kwa kutugombeza yuko imara kabisa.

Mimi bado napanga maua shambani kule Usa River. Unatujua tulivyo, mikono kwenye waridi, midomo kwa majirani. Juzi tulikuwa tunamsema mwenzetu mmoja, mama Tamari akatusikia. Huyo ni Myahudi, mtaalamu wetu wa umwagiliaji, na Kiswahili anakielewa vizuri. Akatuambia kwao wanafundishwa kwamba maneno ya kumsema mtu yanaumiza watatu: anayesema, anayesikiliza na anayesemwa. Nikamchokoza, "Na kama ni kweli, mama?" Akanijibu, "Hiyo ya kweli ndiyo ninayoizungumzia. Uongo ni dhambi nyingine."

Wenzangu walicheka. Mimi siku nzima nilikuwa nakuwaza wewe.

Anneth, shangazi yake Eliya alipokuja kuuliza habari za ukoo wetu kabla ya posa, alianzia hapa kwangu. Nilimpikia chai, mazungumzo yakakolea, nikamwambia kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa na kifafa, kikaisha. Sikuwa na chuki na wewe. Nilitaka tu nionekane ndiye ninayejua mambo ya nyumbani. Hawakurudi tena. Ukaja kunililia mimi, nami nikakukumbatia nikamtukana Eliya. Naona aibu hata kuandika.

Kila Jumapili nimeungama na usharika mzima, nikarudi nyumbani moyo mwepesi. Lakini mama Tamari anasema kwao, kosa la mtu kwa mtu Mungu halifuti mpaka umwendee uliyemkosea. Miaka mitatu sijakuendea. Simu nimeiogopa, maana ungenisikia nalia ukanihurumia kabla hujakasirika.

Nilikata jani la sale nyuma ya nyumba nikalitia kwenye bahasha, kama wazee wetu wanavyoomba radhi. Halafu nikalitoa. Kwetu aliyepewa sale hawezi kukataa kusamehe, na mimi nilishakuamulia jambo moja kubwa la maisha yako. Hili uamue mwenyewe.

Mama na kaka Abdiel wanakusalimu sana, hawajui ninachokuandikia. Mungu akutunze huko, ukinisamehe, hata usiponisamehe.

Dada yako anayekupenda, na aliyekukosea,
Aikaeli