Sauti Ng'ambo ya Korongo

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Sisi hapa Kilema hatujambo. Ng'ombe kazaa jike, na babu yako anajisifu utadhani kazaa yeye.

Umeniuliza kwa utani kuhusu hesabu zenu za chuoni: njia mbili zisizo na mwisho, wala hazikutani, zinawezaje kusemwa zinakwenda mahali pamoja?

Nilipokuwa msichana, mimi na dada yangu Filomena tulipanda msituni kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ukatushukia, tukajikuta kila mtu upande wake wa korongo. Nikaanza kulia.

"Usivuke!" Filomena akapaza sauti. "Shuka tu, uniitikie!"

Nikashuka nikiitika. Njia ilipogawanyika nikashika iliyo pana, na sauti yake ikaanza kufifia. Unaijua milima yetu: migongo miwili ikianza kuachana, inazidi kuachana. Nikarudi, nikashika ile nyembamba. Sauti ikabaki vilevile, si karibu, si mbali. Sikumwona hata mara moja, lakini woga ukaniisha, nikajua tunakwenda pamoja.

Nadhani hesabu zenu zinasema hivyo: njia zisizoachana kupita umbali wa kuitana zina mwisho mmoja, hata kama haufikiki. Mwulize mwalimu wako.

Sisi tulifika. Tulitokea wote kwenye daraja la chini, korongo linapoishia, yeye na mzigo kichwani, mimi nimeutupa wangu kwa woga. Akanigawia nusu ya majani, tukaingia nyumbani tukicheka.

Bibi yako akupendaye,
Maria