Nakala ya Tano

Jasmine,

Maharage yako jikoni, yaepue yakiiva. Sweta zangu ziko kambani, zianue kabla ukungu haujashuka. Mimi nimekwenda Makambako kutafuta kibodi.

~~Kesho ukitoka kazini ninunulie ile nyembamba uliyoisifia.~~ Hapana. Nitachagua mwenyewe, kwa vidole vyangu. Nataka nzito isiyoteleza mezani, yenye vitufe virefu vinavyozama na kurudi, na mahali pa kulaza viganja. Hiyo nyembamba nitaimaliza kabla ya Pasaka.

Asubuhi kitufe kiliporuka kikaangukia kwenye chai yako, ulisema napiga kompyuta kama natwanga mahindi. Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Mkono huu sikuzaliwa nao, mwanangu. Kwenye ofisi ya kanisa nilikofanya kazi ujanani tulipiga barua kwa taipureta, karatasi tano na kaboni katikati. Ukigusa kwa upole, nakala ya tano haisomeki. Ya kwanza ilibaki kwa mchungaji. Ya tano ilikwenda mbali kuliko zote, Mawengi, kwa mwinjilisti kijana aliyesoma kwa mwanga wa koroboi. Sikutaka aumize macho. Basi nikawa nagonga kwa nguvu zangu zote, mpaka Zipora wa meza ya pili akawa ananicheka.

Mwinjilisti yule ndiye baba yako. Baada ya mazishi yake nilifungua sanduku lake, nikazikuta nakala zote. Zinasomeka mpaka leo.

Kuku wape maji.

Mama yako, mtwanga mahindi