Miguu ya Watoto wa Watu

Jumatatu, 3 Machi

Sinki la studio limeziba tena. Fundi bomba amechomoa kipande cheupe, kigumu, akakiweka mezani kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyekizaa. Mimi mfinyanzi. Plasta, ule unga mweupe unaoganda ukitiwa maji, naitumia kwa kalibu za kufinyangia tu, na mabaki nayaacha yagande ndooni, nayabandua, natupa. Anayeosha ndoo sinkini ni wifi. Maji yakikataa kushuka, anaongeza maji.

Nimemwambia. Kajibu, wifi nawe, unga tu huo.

Unga tu. Anaukung'uta bila barakoa, sote tunauvuta, na vumbi linatua kwenye picha mbichi za Mchoraji, tunayechangia naye studio. Mchoraji kanuna — kaninunia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta wifi hapa. Kweli nilimleta. Mume wangu aliniomba, dada yake amekaa tu nyumbani, mfundishe kitu. Nikamfundisha. Kiherehere changu.

Jumatano, 5 Machi

Biashara yake imeshika kasi. Anatengeneza nyayo za watoto wachanga, wazazi wanatundika ukutani. Nilivyomfundisha: unakandamiza mguu wa mtoto kwenye udongo laini, unautoa, kisha unamimina plasta kwenye alama iliyobaki. Mguu na plasta havikutani kabisa.

Leo nimemkuta anapima ndoo ndogo. Kuna mteja Jumamosi anataka mguu mzima, mpaka kifundo, na vikunjo vyake vyote. Kwa hiyo mguu utaingia kwenye plasta yenyewe, usubiri igande. Mtoto hata kukaa bado hajui.

Nikamweleza polepole. Ikiganda inapata moto yenyewe, bila jiko. Na haivuliki kama soksi. Akacheka — mbona yeye anakoroga kwa mkono na hajaungua? Kwa sababu mkono unautoa mapema, nikamwambia.

Basi akaniangalia kwa huruma. Afadhali angenitukana. Akasema, "Wifi, najua kuona hivi vitoto kila siku kunakuuma. Mungu atakupa na wewe."

Nikarudi kukanda udongo ambao nilishamaliza kuukanda. Sina mtoto, na kumbe kila neno langu linapimwa kwa hilo kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kumwonyesha mume wangu kwa macho yake. Nimevaa barakoa, nimekaa uani. Maji kwanza kwenye bakuli, kisha unga, kidogo kidogo, mpaka ukabaki juu kama kisiwa. Nikauacha unywe maji, nikakoroga taratibu. Nikampa bakuli alishike.

Mwanzoni lilikuwa la baridi. Akaanza kuchezea simu. Baadaye kidogo akalitua chini, akajipangusa kiganja kwenye suruali. Limekuwa kama kikombe cha chai, akasema. Nikamwambia hapo umeshika nje. Sasa tia mguu wa mtoto katikati.

Alinielewa. Nilimwona usoni kwamba amenielewa. Halafu akaanza: sawa, lakini usimharibie dada, ndiyo kwanza ameanza kusimama. Mama naye atasema ni wewe tu. Akasema ataongea na dada yake mwenyewe.

Hataongea. Namjua. Akijua ameniangusha, huwa anaosha vyombo. Leo ameosha mpaka sufuria zilizokuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuongea.

Nimemwomba wifi namba ya mteja. Amekataa, eti nataka kumnyang'anya wateja. Mchoraji hataki mambo ya kifamilia, ila angependa vumbi lipungue. Haya.

Hapa hanisomi mtu, kwa hiyo niseme. Ndiyo, wivu ninao. Vile vidole vidogo huwa naviangalia mpaka najionea aibu. Lakini nisipokuwa na wivu plasta itapoa? Wivu wangu kitu kingine, na moto ni kitu kingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika mapema, nikatia komeo kwa ndani. Ufunguo wa wifi haufanyi kitu.

Wako nje, wifi na mteja na mtoto wake. Mwanzo wifi aligonga kistaarabu, sasa anapiga teke. Nimewaambia kupitia mlango: wakitaka nyayo za udongo, nafungua sasa hivi. Mguu kwenye plasta, sifungui, itamuunguza mtoto.

Wifi keshampigia simu kaka yake, na mume wangu ametuma ujumbe. Fungua, usituaibishe. Wa pili — mama analia hapa, umeridhika? Huyu aliyeshika bakuli kwa mkono wake. Sijui leo nitarudi nyumba gani.

Wifi anamwambia mteja, wala hashushi sauti: "Nisamehe, huyu ni wifi yangu. Hajajaliwa mtoto, akiwaona wa wenzake anachanganyikiwa."

Mbele ya mtu nisiyemjua. Nimekaa chini kwenye saruji, nalia kama mjinga, na kalamu nimeishika ili mkono usiende kwenye komeo. Mtoto anacheka huko nje. Anapenda zile kelele za mlango.

Mateke yamekoma.

Mteja anauliza, kwa sauti ya chini: "Lakini amesema itaunguza. Kwani inaunguza?"

Wifi anasema ni unga tu.

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza kama inaunguza."

Nasikia ndala za mteja zinasogea, zinakuja upande huu. Mtoto aliyembeba naye sasa yuko karibu kabisa, anakwaruza mbao kwa kucha.

"Dada, wewe uliye ndani. Hebu niambie mimi."